Dawa Tuliyoiita Maziwa

Naandika haya nikiwa nimekaa kibarazani, miguu yangu imo ndani ya beseni la maji ambayo binti yangu Rehema ameyapima kwa kiwiko kabla ya kuniletea. Lazima yapimwe na mtu mwingine. Mwaka jana nilijitia mwenyewe miguu kwenye maji yaliyotoka mekoni, nikaendelea kuchambua mchicha na kuzungumza, mpaka mama mkwe wangu alipopita, akasimama, akauliza mbona ngozi ya miguu yangu inaelea juu ya maji. Sikuwa nimesikia lolote.

Sasa natembea. Natembea kwa fimbo na kwa kifaa cha plastiki kinachofungwa kwenye kifundo cha mguu, lakini natembea, na baya zaidi limepita. Nimeona nieleze, kwa ajili ya yule ambaye huenda hivi sasa vidole vya miguu vimeanza kumfa ganzi, naye anaambiwa ni uchovu. Udaktari sina, sitaufundisha. Nitasimulia yaliyonipata, jinsi yalivyofuatana.

Jina langu ni Mwanajuma. Kwetu ni nyuma kidogo ya Msambweni, unapoacha barabara kuu na kushika njia ya mchanga iendayo Bodo. Mume wangu, Bakari, alikuwa na duka la mbegu na dawa za mimea pale njia panda. Mimi nililima. Tulikuwa na ekari moja na nusu ya bamia, bilinganya na pilipili, na mara mbili kwa wiki tajiri mmoja wa Ukunda alikuja na gari lake kuchukua mboga za hoteli za Diani. Sharti lake lilikuwa moja: bilinganya isiwe na hata tundu la sindano.

"Mgeni wa hoteli hali tundu," alikuwa akisema.

Mwanzo wa masika ya mwaka jana wadudu weupe walituvamia. Ukiligusa jani waliruka kama majivu. Dawa tulizozizoea hazikuwafanya kitu, ndipo Bakari akaleta mpya. Ilikuwa na rangi ya chai nyepesi, lakini tone lake moja likigusa maji, ndoo nzima iligeuka nyeupe, nzito, kama imekamuliwa sasa hivi. Sisi wanawake wa njia ile tukaiita maziwa. Jina lake la kweli hatukulijua, maana ilitufikia imepimwa ndani ya chupa za soda.

Nilipulizia mwenyewe. Bomba la mgongoni lilikuwa likivuja penye mshono, na kila nilipoinama dawa ilinitiririka kiunoni mpaka mapajani, baridi. Puani nilijifunga leso. Nikimaliza narudi nyumbani, naoga, napika. Wadudu walikufa siku ile ile, nami nilifurahi. Zilipita wiki kadhaa kabla sijatambua kwamba hawakufa peke yao.

Kwanza kulikuja kimya. Nyuma ya shamba letu pana kidimbwi, na wakati wa mvua vyura wa pale walikuwa wakipiga kelele hata watu hawasikilizani. Mvua ilinyesha siku tatu. Asubuhi ya nne nikaenda kutazama bamia, kidimbwi kimejaa pomoni, na hapakuwa na sauti hata moja. Nilitupa kijiwe ndani. Mawimbi madogo yakafika ukingoni, yakarudi, basi.

Baada ya hapo nikawa sasa naangalia. Maua ya bamia yalifunguka manjano, yakafunga, yakaanguka, bila nyuki hata mmoja. Kunguru, ambao kwetu huwezi kuanika samaki bila kuweka mlinzi, walijipanga juu ya mnazi wa jirani na kulitazama shamba letu. Hawakutua. Nilikuwa nikilima huku nikijua kwamba juu kule natazamwa.

Siku moja tetea wetu aliingia uani akitembea kinyumenyume. Alizunguka ua mzima hivyo, polepole, kama anavutwa mkia na mtu, kisha akaanguka ubavu na miguu yake ikaendelea kukimbia akiwa amelala. Bi Mwanaisha, mama mkwe wangu, alishika kifua.

"Kuku huyu ametumwa," alisema.

"Mama, ni kideri tu hicho," nikamwambia, na nikamchinjia mbali, nikamfukia.

Yangu mimi yalinifika asubuhi ya upepo. Nilikuwa nimebakisha mistari miwili ya bilinganya, upepo ukanigeukia, na ukungu ule mweupe ukanifunika uso mzima. Nilifuta, nikaendelea. Haikupita nusu saa mate yakaanza kunitoka bila kizuizi. Jasho lilinimwagika. Shamba likaanza kuwa giza kutoka pembeni kuja katikati, mpaka nikawa natazama kwa kitundu kidogo, mbele yangu, na katika kitundu kile nikamwona Rehema anakuja mbio.

"Mama," alisema, amenishika mashavu. "Macho yako hayana weusi."

Mboni zilikuwa zimesinyaa zikawa kama ncha ya sindano. Nilipelekwa zahanati kwa bodaboda, nimebanwa kati ya dereva na Rehema. Nikatundikiwa maji, nikachomwa sindano moja baada ya nyingine, na siku ya pili jioni nikaruhusiwa. Nilirudi nyumbani dhaifu lakini mzima. Tulisoma dua. Mimi nilidhani huo ndio ugonjwa na umekwisha.

Wiki tatu baadaye nilikwenda dukani kwa Bakari na kurudi, mchana, mchanga unachoma. Nilipofika nyumbani Rehema aliniuliza kandambili yangu ya pili iko wapi. Nikatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu. Tulirudi njia ile ile kuitafuta, tukaikuta karibu na duka. Nilikuwa nimetembea mwendo wote ule, mguu mmoja umevaa na mwingine uko wazi juu ya mchanga wa moto, na sikujua.

Kisha zikaja zile nyayo.

Ua wetu ni wa mchanga mweupe, na Bi Mwanaisha huufagia asubuhi na mapema hata ukabaki na mistari ya ufagio. Asubuhi moja, baada ya chai, alituita. Katikati ya mistari ile palikuwa na nyayo za mtu. Mguu wa kulia ulikanyaga sawasawa. Wa kushoto ulikuwa umeburutwa, umeacha mfereji mwembamba kama njia ya nyoka. Zilitoka jikoni, zikapita chooni, zikaja mpaka mlango wa nyumba, zikaingia. Hazikutoka.

Bi Mwanaisha alileta marashi akanyunyizia kizingiti, akafagia upya. Asubuhi ya pili zilikuwepo. Ya tatu pia. Bakari alikagua ua wote, akatia kufuli jipya kwenye lango. Mimi nilianza kuogopa kukaa peke yangu ndani ya nyumba, mchana kweupe, kwa sababu aliyeingia na asitoke yumo.

Siku ya nne Rehema alisimama mlangoni, amekunja mikono, akanitazama kwa muda mrefu.

"Mama, hebu nenda jikoni ukaniletee kikombe."

Nikaenda, nikarudi nacho. Alikuwa ameinamia mchanga, na alipoinua uso alikuwa analia.

"Ni wewe," alisema. "Mama, ni wewe mwenyewe."

Niligeuka nikaziona nyayo zangu zikinifuata. Mpaka siku ile nilikuwa nikiamini natembea kama kawaida.

Bi Mwanaisha alitaka tuanze na kombe. Maalimu aliandika aya kwa zafarani, ikaoshwa kwa maji ya marashi, nikanywa siku saba. Simcheki mtu kwa hilo. Lilinituliza moyo, na moyo uliotulia ndio ulioniwezesha kukaa kwenye foleni za hospitali. Maana ugonjwa wangu mimi, sehemu kubwa yake ilikuwa ni kukaa na kungoja. Kliniki yenyewe ilikuwa mara moja kwa wiki, kwenye ukumbi mrefu wenye viti vya chuma vilivyounganishwa, hivi kwamba mmoja wetu akitetemeka safu nzima inatetemeka. Tulizoea. Tuliokaa pale hatukusalimiana kwa mikono. Mzee mmoja wa Shimoni alikuwa akiishika miguu yake kwa mikono miwili na kuipanga chini, mmoja mmoja, kama anaweka vyombo.

Daktari wangu alikuwa kijana mpole. Alinilaza, akasema, "Fumba macho, mama. Nitakuwa nakuchoma taratibu kwa pini. Kila ukisikia, sema ndiyo."

Nikafumba. Nikangoja. Nilisikia gari la wagonjwa linaingia, nikasikia mtu anakohoa nje. Nikaona anachelewa.

"Daktari, utaanza lini?"

"Nimeshamaliza, mama," alisema.

Alinieleza kwamba mishipa ya fahamu imeungua kuanzia vidoleni, na kwamba sumu za aina fulani za mashambani huweza kumwacha mtu akapona kisha zikamrudia baada ya wiki kadhaa. Alitaka kujua dawa ile ni ipi. "Nileteeni chupa yenye karatasi yake."

Nilimwambia Bakari. Alisema sawa. Kliniki ya pili akasahau, ya tatu akasema ataitafuta, ya nne akaja nayo ndani ya mfuko mweusi, akamkabidhi daktari bila kumtazama. Ilikuwa chupa ya soda.

Daktari aliigeuzageuza. "Hii haina jina."

"Ndivyo ninavyouza," alisema Bakari. "Chupa kubwa mkulima mdogo haimudu. Napima."

"Na ile kubwa?"

"Ikiisha naitupa."

Daktari akaandika kwenye faili langu kwamba *inadhaniwa* nimedhurika kwa dawa isiyojulikana. Rehema alinisomea neno hilo tukiwa nje. Nilikaa nalo muda mrefu, inadhaniwa, huku miguu yangu ikiwa mbele yangu kama ya mtu mwingine aliyelala.

Masika yakaisha, kipupwe kikaingia, nami nikaanza mazoezi. Jumatatu na Alhamisi, kwa dada mmoja wa hospitali anayeitwa Furaha, ambaye hakucheka ovyo wala hakunihurumia. Alinipa kunde kwenye sinia niziokote kwa vidole vya miguu. Wiki ya kwanza sikuokota hata moja. Alinifundisha kila jioni kutazama nyayo zangu kwa kioo, nione kama nimekatwa au nimechomwa, "kwa sababu mguu wako hautakwambia." Mwenye maradhi haya alishike hilo kabla ya dawa yoyote.

Misuli ya miundi ilisinyaa, ngozi ikawa inang'aa. Nilipoteza uzito. Bi Mwanaisha aliniogesha, yeye mwenye umri ule, na hakuwahi kuniacha nione anachoka. Bakari alijifunza kupika wali, ukatoka bokoboko, tukala. Alinibeba kunitia garini na kunitoa. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakuitazama miguu yangu. Akinivisha viatu alitazama ukutani.

Ilipofika wiki ya tisa ya mazoezi, jirani yetu alikuja kunijulia hali. Tunamwita Mama Kasyoka. Ni Mkamba, walihamia miaka mingi iliyopita wakapewa shamba upande wa pili wa njia, anapanda nyanya. Aliniletea mahindi ya kukoboa na maharagwe ndani ya bakuli, na alipotaka kuliweka mezani bakuli likaanza kucheza, mchuzi ukamwagika.

"Pole, Mama Rehema. Hii mkono siku hizi inanitetemeka," alisema. "Hata sindano siwezi tia uzi."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu ile masika ya wale wadudu."

Tukatazamana. Nikamuuliza iwapo alikuwa akinunua chupa ya soda kama sisi. Akasema la, yeye aliichukua ile kubwa yenyewe, ilipokuwa imebaki nusu, Bakari akampa pamoja na chupa yake. Nikamuuliza iko wapi.

"Nyumbani. Niliosha, nikaweka mbegu za kunde."

Rehema alikwenda naye wakarudi nayo. Karatasi yake ilikuwa imechanika nusu, lakini nusu ilikuwepo.

Ni katika juma lile lile chifu alitangaza barazani kwamba serikali inazichunguza upya baadhi ya dawa za mashambani, ziendelee kuuzwa au ziondolewe, na kwamba mwananchi yeyote ana haki ya kutoa maoni, kwa maandishi au kwa mdomo, katika mkutano utakaofanyika Ukunda. Alitangaza mwishoni, baada ya habari za mbwa wasiochanjwa. Rehema, ambaye anasoma chuo, alilitafuta tangazo lenyewe kwenye simu. Lilikuwa la Kiingereza, kurasa kumi na moja, na dawa zilikuwa zimeandikwa kwa majina ya maabara ambayo kwetu hakuna anayeyatamka. Maziwa hayakuwemo katika orodha ile.

Tuliiweka ile chupa mezani. Herufi za mwanzo zilikuwa zimekwenda na karatasi. Zilizobaki Rehema alizifuata kwa ncha ya kalamu, moja moja, akilinganisha na orodha. Jina la kwanza halikulingana. La pili halikulingana. La sita, kalamu ilianza kwenda na haikusimama mpaka mwisho. Mama Kasyoka aliuficha mkono wake chini ya kanga.

Jioni ile nilimweleza Bakari kwamba nitakwenda.

"Utasema nini huko?"

"Yaliyonipata."

"Na wakikuuliza ulikoinunua?"

Nikaivuta fimbo yangu karibu.

"Mama Rehema, duka lile ndilo lililomsomesha mtoto."

"Najua, Baba Rehema."

"Unadhani miguu hiyo siioni?"

"Huitazami. Hujaitazama tangu ilipoanza."

Alisimama, akatoka. Baada ya hapo tuliishi kama wapangaji wawili. Alinibeba, alinilisha, hakusema. Bi Mwanaisha alikuwa katikati yetu, maskini, mtoto wake huku na mkwe wake huku. Asubuhi ya mkutano alikuja chumbani kwangu na buibui langu mkononi.

"Mimi ni mama yake, siwezi kukwambia nenda," alisema. "Lakini nguo yako nimeipiga pasi."

Ukumbi wa Ukunda ulikuwa unafanyiwa ukarabati. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, vumbi la saruji sakafuni. Tuliingia mimi, Rehema na Mama Kasyoka, nikakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Mbele palikuwa na maofisa watatu. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kuchoka. Kando yao alikaa bwana mmoja aliyewasemea waagizaji wa dawa.

Bwana yule alianza. Alieleza kwa upole kwamba dawa zikitumiwa inavyotakiwa hazina neno. Akawasha mashine, na ukutani pakatokea picha ya mtu aliyevaa nyeupe toka utosini mpaka unyayoni, mikono ndani ya mipira, mbele ya kichwa kioo cheusi. Hakuwa na uso. Alisimama katikati ya shamba la kijani, mkono ameuinua, na hakuna kilichosogea nyuma yake, ndege wala jani. Nilihisi nimewahi kufika pale.

"Hiyo nguo kwa hii joto yetu mtu atalima saa ngapi?" aliuliza Mama Kasyoka. "Na inauzwa duka gani?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha.

Ofisa akaanza kuyasoma majina. Aliyasoma moja baada ya jingine, yale ya maabara, na watu wakayasikiliza kwa adabu, kama khutuba ya lugha ngeni. Alipofika la sita Rehema aliinua mkono.

"Samahani. Hiyo kwetu inaitwa maziwa."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi pamoja. Wanawake wa safu ya mbele yangu, ambao sikuwajua, watu wa Shimoni na kwingine, waliitazama mikono yao. Mmoja alianza kujipapasa vidole.

Nikaitwa mbele. Nilitembea taratibu, kwa fimbo, mpaka penye kipaza sauti. Nilisema kama ninavyosema hapa. Kidimbwi, kuku, macho, nyayo. Nilieleza habari za faili langu na lile neno. Mwenyekiti aliandika.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini nielewe. Tuna chupa moja iliyochanika, na wewe uliinunua katika chupa nyingine isiyo na jina. Unaweza kuthibitisha kwamba ni dawa hii iliyokudhuru?"

Nilifungua mdomo nijibu. Mama mmoja wa safu ya mbele akaninyooshea kidole chini.

"Dada, unatoka damu."

Nikatazama. Kutoka mlangoni mpaka nilipo, juu ya vumbi lile la saruji, palikuwa na alama nyekundu, moja baada ya moja, zote za mguu wa kushoto. Nilikuwa nimekanyaga msumari wa zile mbao. Ulikuwa umepita soli ya kiatu, ukaingia wote, na nilikuwa nimesimama juu yake muda wote niliokuwa nikizungumza.

Nilimwona mwenyekiti anazifuata alama zile kwa macho, kutoka mlangoni mpaka kwangu. Bwana wa waagizaji alizima mashine yake.

Kisha nikaona mtu anakuja kutoka mlangoni, ananifuata pembeni ya damu bila kuikanyaga. Ni Bakari. Sikujua kama alikuja. Alipiga magoti, akanivua kiatu, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akauinua karibu na uso wake, akautazama. Aliutazama sana. Akautoa msumari, akafunga kidonda kwa leso yake. Aliposimama alikishika kipaza sauti.

"Naitwa Bakari, nina duka njia ya Bodo," alisema. "Ni dawa hii. Naijua kwa sababu mimi ndiye niliyempimia. Nimempimia huyu, nimewapimia na wengine, kwenye chupa za soda, bila karatasi. Karatasi ilisema mtu asiiguse. Niliisoma. Nilijiambia kidogo hakidhuru." Alimgeukia mwenyekiti. "Andika hivyo, mama. Andika na jina langu."

Mwenyekiti aliandika. Baada yake walisimama wanawake saba, mmoja mmoja.

Majibu yalikuja baada ya miezi mingi, embe zilikuwa zimekwisha. Dawa ile isiingizwe tena nchini wala isitumiwe kwenye mboga, na iliyobaki madukani isiuzwe, itunzwe mpaka gari la serikali lipite kuikusanya. Rehema alituonyesha na ripoti yenyewe. Habari zetu zilikuwa katika mstari mmoja: kwamba washiriki kutoka Kwale walieleza wasiwasi. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na msumari mguuni. Lakini nimeukubali mstari ule, kwa sababu pale mwanzo hatukuwa na hata neno.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama umeguswa na jambo kama hili: iweke chupa na karatasi yake, hata ikichanika. Kagua nyayo zako. Mwambie daktari kila ulichopulizia. Na ukisikia wanaomba maoni, nenda, useme kwa lugha unayootea ndoto, hata kama karatasi ni ya Kiingereza, na usingoje mpaka upone.

Bakari alinyang'anywa leseni, naye hakukata rufani. Wapo wasiomsalimia, wapo waliokuja kumwambia ahsante, na wapo waliofanya yote mawili. Alizunguka kwa baiskeli nyumba hadi nyumba akiikusanya tena dawa aliyoiuza, chupa ya soda baada ya chupa ya soda, akaja akazipanga kwenye banda lililokuwa la mbuzi wetu, hatua chache kutoka hapa nilipokaa. Jua likiwa kali hutoka harufu pale, kama ya kitunguu saumu kilichooza. Siafu wakifika karibu na mlango hugeuza safu. Tumewakataza watoto wa jirani kupita upande ule, na nyumba yetu sasa watu huizunguka kwa mbali.

Gari halijafika. Mwezi huu Bakari amepiga simu mara tatu, na kila mara dada wa upande wa pili amemwambia liko njiani. Vuli imeanza, na paa la banda limetoboka upande wa kusini. Leo asubuhi alipanda na kipande cha bati kwenda kuziba kabla mvua haijarudi. Nilisimama chini nikamshikia ngazi, kwa mikono miwili, maana mikono bado ninaisikia.